Gari haiwaki: pima umeme kwanza, betri utanunua baadaye

Wakuu, gari ikigoma asubuhi wengi tunakimbilia kununua betri. Betri inasingiziwa sana. Kabla hujatoa hela, tafuta multimita (kifaa cha kupimia umeme), hata ile ya bei chee, na mtu wa kukupigia stata wewe ukiwa umeinamia boneti. Nazungumzia gari za petroli za volti 12: Vitz, IST, Probox na ndugu zao.

Gia iwe P, au fri kama ni manyuo, na hendibreki juu. Vua pete na saa ya chuma. Pete ikiunganisha chanya na bodi, kidole kinaungua hapo hapo.

Hatua ya 1: Sikiliza

Ta-ta-ta-ta mfululizo huku taa za dashibodi zikififia: umeme hautoshi. Betri imelala, au vibano vyake vimelegea au vimeota unga mweupe na kijani.

"Tak!" moja, halafu kimya: solenoidi ya stata (swichi yake ya sumaku) imevuta lakini mota haizunguki.

Kimya kabisa na taa zinawaka vizuri: amri ya ufunguo haifiki kwenye stata.

Injini inazunguka kwa nguvu ila haishiki: betri na stata ni wazima, waache. Nenda hatua ya 5.

Hatua ya 2: Betri ikiwa imetulia

Pima gari ikiwa imelala usiku mzima. Volti 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 ichajiwe kwanza. Ila usiiamini namba hii peke yake. Betri iliyochoka inasoma 12.5 vizuri tu, ukiidai kazi inaanguka.

Hatua ya 3: Pima stata ikipigwa

Hapa ndipo penyewe. Gusisha ncha za multimita kwenye risasi ya vichwa vya betri, siyo kwenye vibano. Mwenzako apige stata sekunde tatu hivi. Volti zikishuka chini ya 9.6 wakati betri ilikuwa na chaji, betri imekwisha, au stata imekwama na inanyonya umeme kupita kiasi. Zikibaki 11 na kitu huku stata inazunguka kivivu au imetoa "tak" tu, umeme upo ila haufiki.

Sasa uusake. Ncha nyekundu kichwa chanya cha betri, nyeusi kwenye nati kubwa ya stata unapoingia waya mnene, kisha stata ipigwe tena. Ukisoma zaidi ya volti 0.5, umeme unapotelea kwenye waya huo au kwenye maungio yake. Fanya hivyo upande wa hasi: kichwa hasi hadi chuma kitupu cha injini. Hapo zaidi ya 0.3 ni tatizo, na mara nyingi mkosaji ni waya unaoshika injini na bodi: nati imelegea au chini yake kuna kutu. Fungua, piga msasa, kaza. Ukifungua betri, hasi itoke kwanza na irudi mwisho.

Kama gari ni kimya kabisa, kipimo hiki hakikuambii kitu, maana hakuna mkondo unaopita.

Hatua ya 4: Kimya kabisa

Gari ya auto, jaribu kuwasha ikiwa N. Ikiwaka, swichi ya gia imechoka. Haikuwaka? Badilishana rilei ya stata (swichi ndogo ya umeme) na nyingine yenye namba ileile kwenye boksi la fyuzi. Kisha pima waya mwembamba wa stata ufunguo ukiwa umezungushwa hadi START. Umeme ukifika na stata inanyamaza, ng'oa stata. Usipofika, rudi nyuma kwenye fyuzi na swichi ya ufunguo.

Hatua ya 5: Inazunguka, haishiki

Tazama taa ya ufunguo kwenye dashibodi. Ikiendelea kumeta ufunguo ukiwa ON, gari haijautambua; jaribu wa akiba. Halafu kagua fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli). Toyota nyingi pampu ya mafuta hailii ukiwasha ON, inafanya kazi stata ikipigwa, kwa hiyo usiihukumu kwa ukimya.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, asubuhi inawaka vizuri. Nikizima sheli baada ya safari ndefu inatoa "tak" moja, ikipoa inawaka.*

Hiyo ni stata. Nyingi za Denso zina vipande vya shaba ndani ya solenoidi vinavyolika, na vinauzwa peke yake. Fundi aifungue akuonyeshe, kabla hajakuuzia stata nzima ya mtumba.

*Kaka, betri mpya, ila nikiiacha gari siku mbili inalala.*

Dada, kwanza pima injini ikiunguruma: volti 13.8 hadi 14.5, altaneta (inayochaji betri) ni nzima. Halafu zima kila kitu, fungua waya hasi, weka multimita katikati ya waya huo na kichwa hasi, ncha nyekundu kwenye tundu la ampea 10, funga milango, subiri nusu saa. Ikizidi ampea 0.05, chomoa fyuzi mojamoja mpaka ishuke. Anza na redio na alamu zilizofungwa mtaani. Usipige stata multimita ikiwa hapo, utaiunguza.

*Kubusti kwa betri ya gari nyingine, naanza na waya upi?*

Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyolala, kisha chanya ya nzima. Nyeusi kwenye hasi ya nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini iliyogoma, mbali na betri. Betri hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche huruka pale unapogusisha mwisho.