Traka za mabasi na lodi balansa ya AWS: pale IP mbili zinapokuumbua

Kuna mzee hapa Tanga ana mabasi yanapiga njia ya Muheza, Segera mpaka Dar, kila gari lina traka ya GPS na zote zinatuma data kwenye seva yangu. Seva ilikuwa moja. Ikizima tu, simu inaita, "Mwanangu, mbona gari langu liko Segera tangu asubuhi?" Shikamoo mzee, nalishughulikia, kumbe gari lishaingia stendi ya Kange hapa Tanga zamani na dereva yuko kwenye chai. Basi nikaweka seva mbili kwenye AWS (huduma ya Amazon ya kukodisha seva) na mbele yake netiweki lodi balansa, NLB, yaani kitu kinachopokea koneksheni na kuzigawa kwa seva. Naandika nilivyofanya na pale nilipochemka.

Kwanza kwa nini NLB na sio ile ya kawaida ya tovuti? Ile ya tovuti inafungua begi, inasoma HTTP (lugha ya tovuti) ndani ndo inaamua. Traka haiongei HTTP, inaongea lugha yake juu ya TCP, ile njia ya kawaida ya kusafirisha data mtandaoni. NLB ni kama mpigadebe wa Kange, haulizi umebeba nini, anakuonyesha gari la kupanda basi. Halafu NLB inakupa IP (namba ya anwani kwenye intaneti) isiyobadilika kwa kila zoni (vituo vya data vilivyotengana na vingine), na hili kwetu ndo kila kitu maana traka nyingi za bei rahisi unaziandikia IP kwa SMS, ikibadilika uanze kutuma SMS gari moja moja, nyingine ziko porini hakuna netiweki.

Mimi natumia rijini (eneo zilipo seva za AWS) ya Cape Town. Hiyo haiji imewashwa, unaiwasha mwenyewe kwenye akaunti. Weka seva mbili za EC2 (seva za kukodi za AWS) kwenye zoni mbili tofauti, zote zisome databesi moja. Alafu tengeneza targeti grupu (orodha ya seva za kupelekewa data), chagua TCP, na poti (namba ya mlango) ambayo programu yako inasikiliza (kwa traka za aina ya GT06 mimi natumia 5023), sajili seva zote mbili. Helthi cheki (ukaguzi wa kama seva ni nzima) ya TCP inafungua tu mlango na kuondoka, kwa hiyo programu ikiwa imeganda lakini poti iko wazi itaonekana nzima, ukiweza ipe helthi cheki ya HTTP kwenye poti nyingine inayojibu kweli kweli. Kawaida inakagua kila sekunde 30.

Sasa lodi balansa yenyewe. Chagua ya kuangalia intaneti, chagua zoni zote mbili, na kila zoni ipe Elastic IP (IP ya kudumu ya akaunti yako) yako PALE PALE unapoitengeneza, usiseme utaweka baadae. Sekyuriti grupu (sheria za nani anaruhusiwa kuingia) nayo hivyo hivyo, ukiiunda NLB bila sekyuriti grupu huwezi kuiongezea tena, unavunja unaanza upya. Mimi nilivunja. Ya NLB ruhusu 5023 toka popote, ya seva ruhusu poti hiyo na ile ya helthi cheki toka sekyuriti grupu ya NLB tu. Mwisho lisina (sikio la NLB kwenye poti) ya TCP 5023 ielekeze kwenye targeti grupu, subiri dakika kadhaa iwake.

Hapa ndo niliumbuka. Nimemaliza, najisifu, nikatuma SMS traka zote zielekee IP ya kwanza. Nacheki seva, ya zoni A inahema, ya zoni B imelala usingizi wa pono. Kumbe NLB kila zoni ina IP yake, na kama hujaibadilisha IP ya zoni A inapeleka kwa seva za zoni A peke yake, kugawa kuvuka zoni kumezimwa tangu mwanzo. Na mbaya zaidi, seva ya A ikifa NLB inaitoa IP ile kwenye DNS (kitabu kinachogeuza jina kuwa IP), sawa, lakini traka haijui DNS, imekariri namba, itaendelea kugonga mlango ule ule mpaka mzee apige simu. Kwa hiyo washa kuvuka zoni (data inayovuka inalipiwa, ijue) na traka inayokubali jina la domeini ipe jina badala ya namba. Kwa GT06 SMS ni hivi:

SERVER,1,jina-lako,5023,0#

Ile 1 ni domeini, ukiweka 0 ni IP.

Kitu kingine, NLB inakata koneksheni ya TCP iliyokaa kimya sekunde 350. Basi likilala gereji usiku, traka inatuma kila dakika 10, koneksheni ishakufa zamani, asubuhi unaona gari linakatika katika. Ama punguza hatibiti (ule ujumbe wa "niko hai") ya traka iwe dakika 3, ama ongeza muda kwenye lisina, inakubali mpaka sekunde 6000. Mimi nilipunguza hatibiti.

Gharama: NLB inahesabu saa hata kama hakuna kinachopita, na tangu Februari 2024 kila IPv4 ya umma ni dola 0.005 kwa saa, IP mbili ni kama dola 7 kwa mwezi. Mwambie mteja mapema.

Kujaribu, tumia laptopu yako ya nyumbani, usijaribu ukiwa ndani ya seva yenyewe maana seva ikijigonga kupitia NLB inaweza kukwama ukadhani umekosea, nilipoteza jioni nzima hapo. Zima seva moja, ngoja dakika moja mbili, angalia traka zinahamia ya pili. Ukiiwasha tena usishangae kuona haipati kitu, traka zimeshika koneksheni zao kule zilipo na haziachii hovyo, zitarudi polepole kadiri magari yanavyopoteza netiweki na kuipata tena.