Maji ya kupozea yasikatike

Mafundi wenzangu wa kukereza hapa Unga Limited, Arusha, hasa mnaotumia visu vya kabaidi (ncha ngumu sana ya kukatia chuma): fungulia maji ya kupozea kabla kisu hakijagusa chuma, yatiririke mfululizo hadi mwisho. Kile kikopo cha kumwagia mara moja moja ndicho kinachoua visu. Ncha iliyoiva moto ikipigwa na maji baridi inapata nyufa nyembamba kama unywele, halafu inamegeka. Pampu imekufa? Bora ukate kavu na upunguze mwendo. Visu vya haispidi (aina ya chuma kigumu, si kabaidi) angalau vinavumilia kikopo.

Wakati wa kuchanganya maji hayo ya kupozea, mimina mafuta ya kukatia kwenye maji, sehemu 1 kwa 20 hivi, ukigeuza yanagandamana. Ila diski za breki kata kavu tu, vumbi lake likilowa linakuwa tope linalosaga reli za mashine.