Namna ya Kupanga Jaribio la Tiba Ambalo Matokeo Yake Yatatumika Wodini

Majaribio mengi ya tiba huendeshwa kwa uangalifu, hukamilika kwa wakati, huchapishwa katika jarida lenye heshima, na bado hayabadilishi chochote katika wodi wala kliniki. Mara nyingi kasoro haimo katika hesabu za takwimu, bali katika swali lililoulizwa, ambalo halikuwa lile linalomkabili tabibu akiwa mbele ya mgonjwa. Kwa sababu hiyo, anayepanga jaribio aanze na uamuzi unaosubiriwa: nani ataamua, kuhusu mgonjwa wa aina gani, akichagua kati ya tiba zipi, na ni matokeo ya kiasi gani yatakayomfanya aache anachofanya sasa. Njia rahisi ya kujipima ni kuandika, kabla ya itifaki (yaani mpango rasmi wa jaribio), sentensi moja kama itakavyosomeka katika mwongozo wa tiba, huku nafasi za namba zikiachwa wazi: mgonjwa mzima aliyelazwa kwa nimonia na anayehitaji oksijeni apewe dawa fulani kwa siku kadhaa, kwa kuwa inapunguza vifo kutoka wagonjwa kadhaa hadi kadhaa katika kila 100. Waandaaji wakishindwa kukubaliana juu ya sentensi hiyo, itifaki haijawa tayari kuandikwa. Wakikubaliana, waipeleke kwa wauguzi, wafamasia, waandishi wa miongozo na wagonjwa wenyewe, na wawaulize waziwazi kama namba hizo zingewafanya wafanye jambo tofauti.

Mwaka 1967 wanatakwimu wawili wa Ufaransa, Daniel Schwartz na Joseph Lellouch, walieleza kwamba jaribio linaweza kuwa na moja ya makusudi mawili: kujua kama tiba inaweza kufanya kazi katika mazingira yaliyodhibitiwa, au kujua ni tiba ipi ichaguliwe katika huduma ya kila siku. Makusudi yote mawili ni halali, lakini hayapangwi kwa namna moja. Chombo kiitwacho PRECIS-2, kilichochapishwa mwaka 2015, huwasaidia wapangaji kukagua maeneo tisa ya jaribio, kama vile vigezo vya washiriki, mahali linapofanyika, ufuatiliaji na matokeo yanayopimwa, na kutoa alama ya 1 hadi 5 kwa kila eneo kulingana na jinsi lilivyo karibu na huduma ya kawaida. Faida yake haiko katika kupata alama kubwa, kwani dawa ambayo bado haijulikani usalama wake haifai kuanzia kwenye 5. Faida ni kwamba watafiti waliokaa meza moja hugundua mapema kwamba kila mmoja alikuwa na jaribio lake kichwani.

Eneo linalostahili muda mwingi zaidi ni uchaguzi wa washiriki. Utafiti wa RALES, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba spironolaktoni, dawa inayoweza kupandisha potasiamu katika damu, hupunguza vifo kwa wagonjwa ambao moyo wao umeshindwa kufanya kazi kwa kiwango kikubwa. Watu waliokuwa na kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo) iliyozidi miligramu 2.5 kwa desilita, au potasiamu iliyozidi milimoli 5.0 kwa lita, hawakupokelewa, na waliopokelewa walipimwa damu mara kwa mara. Habari ilipoenea, dawa hiyo ilianza kuandikiwa watu wengi, wakiwemo wazee zaidi na wenye figo dhaifu. Katika jimbo la Ontario nchini Kanada, wagonjwa wazee waliolazwa kwa sababu ya potasiamu kupanda waliongezeka kutoka 2.4 kwa kila 1,000 mwaka 1994 hadi 11.0 mwaka 2001. Dawa ilikuwa ileile, lakini mgonjwa na ufuatiliaji vilikuwa tofauti.

Kwa hiyo chukua kila kigezo cha kumzuia mtu kushiriki na uandike kando yake sababu: usalama, maadili, au mazoea tu. Kigezo cha mazoea, kwa mfano kumkataa kila aliyezidi umri wa miaka 75 kwa kuwa jaribio lililotangulia lilifanya hivyo, kiondolewe. Kigezo cha usalama kibaki, lakini kielezwe kama sehemu ya tiba, ili msomaji ajue kwamba dawa bila kipimo cha damu si tiba iliyojaribiwa. Vilevile tunza daftari la waliofikiriwa na hawakuingia, lenye umri, jinsia na sababu. Ni kazi ndogo, lakini bila daftari hilo tabibu hana njia ya kujua kama mgonjwa wake anafanana na waliochunguzwa.

Kundi la ulinganisho nalo lipewe kile ambacho wagonjwa wangepewa bila jaribio. Tiba mpya ikilinganishwa na dawa bandia, yaani kidonge kisicho na dawa ndani, wakati tayari ipo dawa inayofaa, matokeo hayatamsaidia mtu anayechagua kati ya dawa hizo mbili, na kamati ya maadili itakuwa na haki ya kuhoji. Ikiwa ulinganisho ni huduma ya kawaida, andika huduma hiyo ni nini hasa katika kila kituo, kwa maana neno “kawaida” huficha tofauti kubwa.

Katika kuchagua matokeo ya kupima, kishawishi kikubwa ni kupima kinachobadilika haraka. Jaribio la CAST, lililofanyika hasa Marekani, ni onyo ambalo halijapoteza nguvu. Wagonjwa waliopona shambulio la moyo walikuwa wakipewa dawa za kutuliza mapigo yasiyo ya mpangilio, kwa imani kwamba mapigo yakitulia vifo vitapungua. Mwaka 1989 ilibainika kwamba waliopewa enkainidi na flekainidi walikuwa wakifa zaidi ya waliopewa dawa bandia, ingawa mapigo yao yalikuwa yametulia. Kipimo cha maabara kinaweza kukusaidia kuelewa utendaji wa dawa, lakini tokeo kuu liwe jambo ambalo mgonjwa angelijali hata kama asingeonyeshwa karatasi ya majibu: kuishi, kutembea, maumivu, kulazwa tena. Kabla ya kukokotoa idadi ya washiriki, waulize wagonjwa nafuu ya kiasi gani ingewafanya wavumilie madhara na usumbufu wa tiba, kisha utumie jibu hilo badala ya namba inayofanya sampuli iwe nafuu kugharimia.

Utafiti wa RECOVERY, ulioanza Uingereza Machi 2020 ili kujaribu tiba za COVID-19 kwa wagonjwa waliolazwa, unafaa kusomwa na kila mpangaji. Fomu zake zilikuwa fupi, tokeo kuu lilikuwa kifo ndani ya siku 28, na taarifa nyingine zilipatikana katika kumbukumbu za huduma ya afya ya taifa. Juni mwaka huohuo matokeo ya deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, yalitangazwa; katika ripoti iliyochapishwa baadaye, walikufa asilimia 22.9 ya waliopewa dawa na asilimia 25.7 ya waliopata huduma ya kawaida pekee. Kilichoyafanya matokeo hayo yatumike mara moja, kwa maoni yangu, ni mgawanyo wa wagonjwa ambao muuguzi yeyote angeweza kuuona akiwa kando ya kitanda: walio kwenye mashine ya kupumua walinufaika zaidi, waliopewa oksijeni walinufaika, na wasiohitaji oksijeni hawakuonyesha manufaa. Jaribio la CRASH-2 kuhusu asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutokwa na damu, lililohusisha majeruhi 20,211 katika nchi 40, lilifanya jambo linalofanana kwa kutumia saa: dawa ilipunguza vifo vya kutokwa na damu ilipotolewa ndani ya saa 3 tangu kuumia, na baada ya hapo ilionekana kudhuru. Makundi madogo unayokusudia kuyachambua yataje tangu kwenye itifaki, na yawe yale yanayotambulika wakati wa kuamua.

Ufupi wa fomu haupatikani kwa nia njema pekee. Mpe muuguzi rasimu aijaze akiwa zamu, ukiwa umekaa pembeni bila kumsaidia, na uangalie anaposita, anapoacha wazi, anapolazimika kwenda kutafuta faili. Kisha kwa kila swali onyesha jedwali la ripoti litakalolitumia. Lisilo na jedwali lifutwe. Ridhaa ya mshiriki, hata hivyo, haiguswi na kupunguza huku: maelezo yake yafupishwe ili yaeleweke, wala yasifupishwe ili yaishe haraka.

Tiba yenyewe ielezwe kiasi cha mtu mwingine kuweza kuirudia. Orodha ya TIDieR ya mwaka 2014 ina vipengele 12 vinavyosaidia, vikiwemo nani alitoa tiba, kwa vifaa gani, wapi, mara ngapi na kwa marekebisho yapi. Ikiwa washiriki walipigiwa simu kila wiki kukumbushwa dawa, simu hizo ni sehemu ya tiba, na kituo kisichoweza kuzipiga kisiahidiwe matokeo yaleyale. Kila mshiriki ahesabiwe katika kundi alilopangiwa, hata akiacha dawa, kwa sababu wagonjwa wa kawaida nao huacha. Pale ambapo haiwezekani kuficha nani anapata nini, kifo kinaweza kuhesabiwa bila upendeleo, lakini maumivu yapimwe na mtu asiyejua mgonjwa yuko kundi gani.

Mwisho, bajeti iwe na fungu la yale yanayofuata uchapishaji. Jaribio lisajiliwe hadharani kabla ya mshiriki wa kwanza, na ripoti itoe manufaa na madhara kwa kipimo kimoja, yaani wangapi katika kila 100, kwa kuwa kusema tu kwamba hatari imepungua kwa nusu hakumwambii mtu kama ilishuka kutoka 20 hadi 10 au kutoka 2 hadi 1. Miongozo ya mafunzo, kadi za dozi na maelezo ya mgonjwa yaliyotumika yawekwe wazi bila malipo siku ileile matokeo yanapotoka.