Zunguka Lori Mara Ishirini: Afya ya Dereva wa Masafa Marefu Ughaibuni

"Mbukwa, mdogo wangu! Hicho ni kitambi au umebeba mzigo usiolipiwa ushuru?"

Ndivyo nilivyopokelewa Nala, pale malori yanapopanga foleni ya mizani kwenye barabara ya Dodoma kwenda Singida. Aliyeniuliza ni dereva ambaye miaka ya nyuma nilikuwa utingo wake. Nimekuja likizo kutoka Marekani, ninakoendesha lori, nimeshuka na treni ya SGR kutoka Dar, na siku ya tatu nikaenda kuwasalimia wenzangu wa barabarani. Mzee ana miaka 61 na mkanda wake bado unafunga kwenye tundu la mwisho. Mimi nina 43, na mwezi wa tatu presha yangu ilisoma 152/96.

Tulikaa kwenye kivuli cha trela tukajiuliza kulikoni. Kazi si ni ileile? Usukani, kiti, barabara. Tukahesabu safari yake kutoka Dar kwenda Rusumo, mpakani na Rwanda. Anashuka mizani ya Vigwaza, ya Mikese, ya Nala, ya Njuki. Anagonga tairi moja moja kusikia kama zina upepo. Anapanda juu ya mzigo kukaza turubai. Chakula anakifuata kwa miguu kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara. Tairi likipasuka Sekenke, jeki anaipiga mwenyewe na utingo wake.

Kisha tukahesabu yangu. Gia ni otomatiki. Mzigo unapakiwa na foklifti, mlango wa trela umepigwa lakiri, sina ninachogusa. Mizani mingi naipita bila kusimama, kifaa kwenye kioo kinaniruhusu. Mafuta, chakula na bafu viko sehemu moja. Naweza kumaliza kilomita 900 kwa siku na miguu yangu isifikishe hatua elfu moja. Mzee akacheka: "Kumbe huko mnaendeshwa nyie, si gari." Sikuwa na jibu. Kinachotumaliza ughaibuni ni ulaini wa kazi, na sisi tuliofundwa na barabara ngumu hatukujiandaa kwa hilo.

Siko peke yangu. Mwaka 2010 taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, NIOSH, iliwahoji madereva 1,670 wa masafa marefu. Matokeo yaliyotoka 2014 yalionyesha kuwa asilimia 69 kati yao walikuwa na unene uliopindukia, na nusu walikuwa wanavuta sigara. Kwa hiyo ukijiona umeongezeka kilo 15 ndani ya miaka miwili ya kwanza, usidhani ni "baraka za majuu" kama mashangazi watakavyokwambia ukitua.

Saa zako zinakwenda wapi

Marekani sheria inakuruhusu kuendesha saa 11 ndani ya dirisha la saa 14, kisha upumzike saa 10 mfululizo. Baada ya saa 8 za kuendesha lazima usimame angalau nusu saa. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya wana masharti makali zaidi, na kwa mwili wako hiyo ni neema: dakika 45 za mapumziko kila baada ya saa nne na nusu, na kwa kawaida saa 9 za kuendesha kwa siku.

Tatizo la lile dirisha la saa 14 ni kwamba ukilifungua haliachi kukimbia. Unaona kila dakika ya kusimama ni hela inayovuja, na dispacha, yule anayepanga safari zetu, naye anapiga simu. Ndiyo maana mazoezi usiyapange katikati ya kazi, hutayafanya. Yapange kwenye zile saa 10. Lala saa saba na nusu, zinabaki mbili na nusu za chakula, bafu na nusu saa ya jasho. Utaratibu wangu ni jasho kwanza, bafu baadaye, kwa sababu nikishaoga hakuna atakayenitoa kitandani. Bafu lenyewe vituo vingi vikubwa wanakupa bure ukijaza mafuta ya kutosha.

Hata hivyo, katikati ya safari usikae saa nane mfululizo eti kwa sababu sheria inaruhusu. Damu ikituama miguuni kwa muda mrefu inaweza kuganda. Simama kila baada ya saa mbili au tatu, hata kwa dakika tano, na ukiwa umepaki chezesha vifundo vya miguu. Ukiona mguu mmoja umevimba shavu, ile nyama ya nyuma chini ya goti, unauma na una joto, na mwenzake uko sawa, hiyo si ya kupaka dawa ya kuchua. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Kukiongezeka kukosa pumzi au maumivu ya kifua, piga simu ya dharura hapohapo ulipo.

Mizunguko ishirini

Gari la Marekani lenye trela ya futi 53 lina urefu wa mita 21 hivi likiunganishwa na kichwa chake. Ukilizunguka mara moja umetembea karibu mita 50. Mara 20 ni kilomita moja. Hakuna haja ya kujua mtaa, kuwa na viatu maalumu wala kumwogopa mbwa wa mtu. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku mbili. Dakika 30 za kuzunguka lori kwa siku tano zinakufikisha kwenye hiyo 150.

Usiku vaa kizibao kinachong'aa, maana anayerudi nyuma na trela hakuoni. Dada zetu walio kwenye kazi hii, zungukieni upande wa mbele wenye taa na watu, na kama sehemu haikupi amani, fanyia ndani.

Siri iliyonifanya nisichoke ni simu. Mapumziko yangu ya mchana huwa saa 7 kwa saa za mashariki ya Marekani, na hapo Dodoma ni saa 2 au saa 3 usiku kutegemea majira. Mama amekula, bado hajalala. Nampigia nikiwa natembea. Mazungumzo ya mama yangu hayapungui dakika 25, ng'ombe wa jirani peke yake wanachukua kumi, na mimi huku namaliza kilomita mbili bila kuhisi.

Kwa misuli, nimenunua mipira ya kuvuta, ile mirefu inayokunjwa ikaingia mfukoni. Naifunga kwenye kishikio cha mlango, navuta kama ninayechota maji kisimani, mara 15, seti tatu. Pushapu nafanyia kwenye ngazi ya gari, mikono juu, miguu chini, ni rahisi kwa anayeanza. Kuchuchumaa na kusimama, mara 20. Kwenye barafu la mwezi wa kwanza yote haya nayafanya ndani kati ya viti na kitanda, na ndiyo, utagonga kichwa. Wanaobeba mizigo ya wazi na kufunga minyororo na maturubai tayari wana mazoezi yao, shida yao ni mgongo, kwa hiyo wanyooshe kwanza kabla ya kunyanyua.

Na tafadhali usiruke kutoka kwenye kichwa cha lori. Shuka ukitazama gari, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, vikiwa vimeshika muda wote. Magoti mengi yameharibikia pale. Pochi nene ya mfuko wa nyuma nayo itoe, ukikalia saa 11 inakupindisha kiuno.

Friji ndogo na sufuria

Hapa ndipo kitambi kinapotengenezwa, na hapa nitakaa kidogo.

Anza na unachokunywa. Kikombe kikubwa cha soda pale kituoni ni lita 1.3. Kopo la kawaida la Coca-Cola la mililita 355 lina gramu 39 za sukari, basi piga hesabu mwenyewe, hata ukitoa nafasi ya barafu. Shirika la Afya Duniani linapendelea sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 25 kwa siku. Mimi nilikuwa nabeba vikombe viwili kwa siku na kujishangaa. Vinywaji vya kuongeza nguvu nilivikata vilevile, kwa sababu vilikuwa vinaniibia usingizi ambao kesho yake nilikuwa nautafuta kwa kunywa vingine. Maji kunywa, hata kama yatakusimamisha. Wako wanaojinyima maji ili wasisimame, na wengine wamelipia kwa mawe ya figo.

Chakula, pika. Friji ya volti 12, sanduku la umeme la kupashia chakula na jiko dogo la kuchemshia vinagharimu kidogo kuliko mwezi mmoja wa baga. Uliza kampuni kwanza kama wanaruhusu kifaa cha kubadili umeme wa betri ya gari uwe kama wa nyumbani, wengine hawataki. Jumapili nyumbani nachemsha maharage, nakausha samaki, nakatakata sukuma, navigawa kwenye vyombo vya siku tano. Njiani nanunua matunda, mayai ya kuchemsha, karanga zisizo na chumvi. Ukilazimika kula kituoni, chukua kuku wa kuoka na mboga, achana na kile kilichokuwa kinazunguka kwenye taa tangu asubuhi.

Sisi wa Dodoma tuna bahati, sema hatuioni. Ugali wa uwele au mtama unakaa tumboni kuliko mkate mweupe. Mlenda wa kukausha uliotwangwa ni mwepesi kubeba, hauharibiki, na unaiva kwa dakika chache juu ya jiko dogo. Wenzangu wa Kizungu waliwahi kuniuliza kwa nini mboga yangu inavutika kama gundi. Nikawapa waonje, mmoja tu akarudia. Ila kuna jambo moja: magadi. Tunayatia kwenye mlenda bila kufikiri, na yana sodiamu kama ilivyo chumvi. Mwenye presha ayapunguze au ayaache.

Kadi ya afya ndiyo leseni yenyewe

Marekani bila cheti cha afya, tunachokiita medikali, leseni yako ya lori haina kazi. Kwa mwongozo ambao wapimaji wengi wanaufuata, presha iliyo chini ya 140/90 inakupa miaka miwili. Kuanzia 140 hadi 159 juu, au 90 hadi 99 chini, unapewa mwaka mmoja. Ikifika 160/100 unapata miezi mitatu ya kujirekebisha, na 180/110 unaweka funguo mezani. Mimi na 152/96 yangu nikatoka na mwaka mmoja na jasho la mgongoni.

Siku ya kupima usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla, nenda haja ndogo, kaa kimya dakika tano, mkono uegemee meza. Hayo hayaponyi presha, yanazuia tu isisomwe kubwa kuliko ilivyo. Dawa ukiandikiwa, meza. Kuna ndugu anayemeza wiki moja kabla ya medikali tu, na anadhani anamdanganya daktari.

Usingizi nao wanauangalia. Kama unakoroma hadi mke amehama chumba, na unaamka umechoka, pimwa ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Mashine ya kupumulia inatoshea ndani ya gari. Kusinzia kwenye usukani wa gari la tani 36 si jambo la kuonea aibu mashine.

Ukija likizo

Dodoma pima mwili mzima kabla nyama choma haijaanza, Hospitali ya Benjamin Mkapa iko pale upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Nunua kipimo cha presha cha mkononi, andika namba kwenye daftari kila asubuhi, ukirudi mwonyeshe daktari wako. Usipelekwe kila mahali kwa gari la shemeji. Mzee wangu wa Nala alinilazimisha nizunguke naye lori lake nikimwonyesha hesabu ya mizunguko 20. Akaishia wa saba, akasema yeye ameshatembea tangu mwaka 1988, anastahili chai.

Kwenye begi la kurudi nimetia unga wa uwele kilo tatu, mlenda, unga wa ubuyu na zabibu kavu. Vyote nitavitaja kwenye fomu ya forodha, wakitaka kukagua wakague. Nyama iliyokaushwa, hata iwe imefungwa vizuri namna gani na mama mkwe, inabaki Dodoma.