Besi ya pili: kuichagua, kuikagua na kuiweka sawa ukiwa Mwanza

Besi ya kwanza, yaani gitaa la besi, hununuliwa kwa ajili ya kazi. Kwaya haina mpigaji, bendi imeondokewa na mtu wa besi, basi inachukuliwa ile iliyopatikana. Ya pili ni starehe. Huna haraka, masikio yameshajua yanachokitaka, na ule usiku wa kwanza wa kuitoa kwenye mfuko na kuipitia noti moja moja ni raha ambayo kila mpiga besi anastahili kuipata. Ili raha hiyo isiishe baada ya mwezi, besi ya pili iwe na kitu ambacho ya kwanza haina. Ukichukua nyingine ya sauti ileile, mojawapo itatundikwa ukutani hadi nyuzi zishike kutu.

Kwa hiyo anza na uliyonayo. Kama ni ya mtindo wa Precision, ile yenye pikapu (sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi) moja iliyogawanywa vipande viwili, tayari una sauti nene inayokaa vizuri chini ya kwaya na kinanda. Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, walianza kuitengeneza mwaka 1951, na pikapu ya vipande viwili ikaja 1957. Jirani yake wa kufaa ni Jazz, ya mwaka 1960: pikapu mbili, volyumu mbili, na shingo nyembamba zaidi upande wa kichwani, milimita 38 hivi badala ya 41 au zaidi. Fungua zaidi pikapu ya nyuma, ile iliyo karibu na daraja, kile chuma cha mwilini kinachobeba nyuzi, na kila noti ya sebene itasikika imekatika vizuri hata vidole vikikimbia. Ujue tu kwamba Jazz hunguruma kidogo ukifunga pikapu moja. Zikiwa wazi sawa zote mbili, mngurumo huo hupotea kwa sababu pikapu hizo zimesukwa kinyume. Huo si ubovu, usimwachie fundi aanze kuifumua.

Kwa wanaopiga kanisani, tunashauri zaidi besi yenye nyuzi tano. Mwimbishaji akishusha wimbo kwenda D au E flati, mwenye nyuzi nne hana pa kushuka: uzi wake mnene ni E, hertz 41, na D ya chini yake hana. Anapanda oktevu, na wimbo unapoteza miguu. Uzi wa B hushuka hadi hertz 31, na D ipo freti ya tatu (freti ni zile pau za chuma shingoni). Ila kabla ya kulipa, sikiliza spika zitakazoibeba. Spika ya inchi 8 haitoi noti hizo kwa uzito wake. Utasikia kivuli chake cha juu tu. Spika ya inchi 12 au 15, au mbili za inchi 10, ndizo zinazoanza kuleta maana. Halafu uzi wenyewe wa B lazima uwe mnene, inchi 0.130 hivi. Wa 0.120 kwenye shingo ya urefu wa kawaida hulegea na kupigapiga freti, na watu wengi huilaumu besi wakati kosa ni la uzi.

Kuna sababu nyingine nzuri ambayo watu huisahau: kuiachia besi moja nyuzi laini moja kwa moja, zile za flatiwaundi ambazo ukipitisha kidole hazikwaruzi. Kwa rumba na dansi la zamani hakuna kinachozishinda, sauti yake ni fupi, ya mviringo, haigombani na gitaa la ridhimu. Lakini huwezi kuzifunga Ijumaa na kuzifungua Jumapili. Mkazo wake si sawa na wa nyuzi za kawaida, shingo itahama kila mara, na uzi mnene uliokwisha kukunjwa kwenye kikazio hukatika ukiukunja mara ya pili na ya tatu.

Besi ndogo zenye urefu wa milimita 762 kutoka kichwani hadi daraja, badala ya 864 za kawaida, zinafaa kwa kijana anayejifunza au mtu mwenye bega bovu. Zina nyuzi zake fupi, na nyuzi hizo si rahisi kuzikuta dukani. Nunua seti mbili siku hiyohiyo.

Siku ya kukagua

Iwe ni duka la vyombo katikati ya mji, bendi inayouza vitu vyake, au mtu wa Igoma aliyeweka picha kwenye simu, nenda mchana na ubebe vitu hivi: waya wako wa gitaa unaouamini, betri mpya ya volti 9, bisibisi ya nyota, alenkii za milimita na za inchi, karatasi ya ofisi, na kadi tatu za benki zisizo na namba zilizovimba. Kadi na karatasi ndizo vipimo vyako. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76, hivyo tatu zikibanwa pamoja ni 2.3, karatasi ya kawaida ni 0.1 hivi, ikunje iwe tabaka tatu upate 0.3. Ukiweza kuazima fila geji ya fundi pikipiki, ile ya kupimia vali, ni bora zaidi.

Usianze kupiga. Sauti ikikuvutia mwanzoni hutaona kitu tena. Ishike besi kama bunduki, jicho likiwa kwenye daraja, utazame ukingo wa shingo mpaka kichwani, kwanza upande wa uzi mnene kisha wa uzi mwembamba. Shingo inatakiwa ijikunje kwa mbele kidogo sana, na pande zote mbili zikunje sawa. Upande mmoja ukiinuka na mwingine ukilala, shingo imejipinda kama kamba inayosokotwa. Hiyo rudisha. Hakuna alenkii inayoirekebisha, na bei ya chini isikushawishi.

Sasa pima mkunjo. Tyuni kwanza, maana nyuzi nne zikikazwa zinavuta kwa zaidi ya kilo 70 na bila mvuto huo kipimo ni cha uongo. Simu nyingi hazisikii E ya chini vizuri. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, utoe hamoniki, ile sauti ya juu kama kengele, na programu itaisoma. Kisha bonyeza uzi wa E freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mwingine pale shingo inapokutana na mwili. Pitisha karatasi ya tabaka tatu kati ya uzi na freti ya saba. Ikipita ikigusa kidogo, shingo ni nzuri. Isipopita kabisa, shingo imenyooka mno au imerudi nyuma. Kadi nzima ikipita, imekunja kupita kiasi.

Vyote viwili hurekebishika kwa chuma cha ndani ya shingo, ilimradi kichwa cha chuma hicho hakijaliwa. Hapa ndipo besi za mtumba huua watu. Omba ruhusa, ingiza alenkii, uone kama inashika bila kucheza. Nyingi za Asia hutumia milimita 4 au 5, za Marekani mara nyingi 3/16 ya inchi, ambayo ni milimita 4.76. Mtu akilazimisha ya milimita 4.5 mle, inazunguka na kula kona zote sita. Ukikuta tundu limekuwa duara, ondoka.

Baada ya hapo piga kila freti ya kila uzi, kwa nguvu zako za kawaida, bila amplifaya. Ni noti 80 au zaidi na inachukua dakika tano. Noti inayokwaruza mahali pamoja tu ni freti iliyoinuka au ya jirani iliyolika. Fundi mwenye msasa na subira anaitoa. Zikikwaruza zote za freti za mwanzo, shingo imenyooka mno. Zikikwaruza kuanzia 12 kwenda juu, tazama daraja au maungio ya shingo. Kwenye uzi wa G, kati ya freti ya 5 na 7, unaweza kukuta noti inayokufa haraka kuliko wenzake. Magitaa mengi mazuri yanayo hiyo kwa sababu ya mtetemo wa mbao yenyewe, hivyo isikutishe, ila ikiwa noti hiyo ndiyo unayoitegemea, jaribu nyingine.

Chomeka sasa. Zungusha kila volyumu mwanzo hadi mwisho: mikwaruzo ni vumbi, spirei ya kusafishia swichi inatosha, lakini sauti inayopotea kabisa ni kifaa kilichokufa. Tikisa jeki ikiwa imechomekwa. Ikikatika, ni waya wa lehemu au kibano kilicholegea. Kazi ya nusu saa kwa fundi redio. Gusa nyuzi kwa mkono. Mngurumo ukipungua ukigusa, mambo ni ya kawaida. Mngurumo ukizidi, waya wa ardhi unaokwenda chini ya daraja umekatika au umefungwa vibaya. Kama ina kikasha cha betri, kifungue ukitazame. Unga wa kijani au mweupe maana yake betri ilivuja, na huenda umeingia kwenye saketi. Weka betri yako, piga kwa nguvu: sauti ikipasuka hata na betri mpya, saketi ndiyo mgonjwa.

Jina la kichwani halithibitishi kitu, stika zinauzwa. Squier si feki, ni jina la Fender wenyewe, na magitaa yake yapo tangu 1982. Lakini besi iliyoandikwa Fender, freti zake zikiwa na ncha zinazochana kiganja na vikazio vikicheza, ihesabu kwa bei ya isiyo na jina. Yamaha TRBX na Ibanez GSR za kawaida hushinda feki hizo kwa kila kipimo tulichotaja.

Ukinunua kwa mtu, andikianeni: namba ya gitaa, bei, tarehe, kitambulisho, sahihi. Vyombo vya makanisa huibiwa, na karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea mwenyewe akitokea.

Ikitoka Dar

Kutoka Kariakoo hadi stendi ya Nyegezi ni zaidi ya kilomita 1,100, na buti la basi hupata joto kali. Mwambie anayekutumia alegeze nyuzi mizunguko miwili ya vikazio, asizitoe kabisa. Akunje gazeti na kulijaza chini ya shingo karibu na kichwa, maana pigo la buti huangukia pale, na aweke katoni nje ya mfuko. Ikifika, iache ndani ya mfuko mpaka kesho yake. Ni ngumu, tunajua. Mbao iliyotoka kwenye hewa ya pwani, ikapita ukavu wa Dodoma na Singida, inahitaji muda wa kuzoea hewa ya ziwani. Ukiikaza usiku uleule, wiki ijayo utairudia kazi.

Kuiweka sawa

Utaratibu haubadiliki: nyuzi mpya, mkunjo, kimo, oktevu, pikapu. Kila hatua huvuruga inayofuata, kwa hiyo ukianza na ya mwisho unajisumbua. Nyuzi zibadilishe moja moja ili shingo isiachiliwe ghafla. Seti ya 45 hadi 105 (unene kwa elfu za inchi) ndiyo ya kawaida kwa nyuzi nne.

Chuma cha shingo ukikizungusha kufuata saa kinanyoosha shingo, kinyume chake kinaiachia ikunje. Robo mzunguko, si zaidi. Tyuni tena, subiri, pima. Kikigoma, usilazimishe. Kimo, yaani nafasi kati ya uzi na freti, kipime freti ya 12: kadi tatu chini ya uzi wa E, tatu zikibana kidogo chini ya G. Anayepiga kwa kuvuta nyuzi kwa nguvu aongeze kidogo, asiige kimo cha mwenzake mwenye mkono mwepesi.

Oktevu ni pale hamoniki ya freti ya 12 na noti ya kubonyeza freti hiyohiyo zinapotakiwa kulingana. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kitandiko cha uzi, kile kilicho darajani, nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete mbele. Legeza uzi kabla ya kukisogeza, la sivyo skrubu inaliwa. Pikapu ziache milimita 2 hadi 3 kutoka kwenye nyuzi ukiwa umebonyeza freti ya mwisho. Zikikaribia zaidi, sumaku huvuta uzi, na noti za juu zinakuwa kama haziko kwenye tyuni.

Hewa ya Mwanza si ya chumvi kama ya Dar, na hiyo ni heri kwa vyuma. Kinachohamisha shingo hapa ni mvua na kiangazi. Masika na vuli mbao hunywa unyevu, shingo hukunja, nyuzi hupanda. Kuanzia Juni mpaka Septemba hukauka, shingo hunyooka, freti za mwanzo zinaanza kukwaruza na ncha za freti kuchomoza pembeni. Pima kwa karatasi Juni na tena Novemba. Isiegemezwe kwenye ukuta unaopigwa jua la jioni. Kila baada ya kupiga futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, na kama ni ya betri chomoa waya, kwa sababu jeki ndiyo swichi yake: ukiuacha umechomekwa, betri inaendelea kuliwa hata kama hupigi.

Amplifaya ya kuagiza ikija na maandishi ya volti 120, usiichomeke kwenye soketi ya volti 230 bila transfoma, hata kwa kujaribu sekunde moja.