Picha ya jani kwa chumvi na jua, kwa njia ya Talbot

Kila kijana anayekuja kwangu kujifunza picha namwanzishia hapa, kabla hajagusa kamera. Njia yenyewe ni ya William Henry Fox Talbot, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1800. Oktoba 1833, kando ya Ziwa Como nchini Italia, alijaribu kuchora mandhari, mkono ukamkatalia. Akawaza namna ya kuifanya taswira ijichore yenyewe kwenye karatasi. Mwaka uliofuata akaanza majaribio nyumbani kwake, Lacock Abbey.

Tafuta karatasi nene ya kuchorea rangi za maji. Koroga gramu 20 za chumvi isiyo na madini joto katika lita 1 ya maji, loweka karatasi dakika chache, kisha ianike. Tafadhali usizidishe chumvi! Hapa ndipo Talbot alipohangaika. Karatasi zake zilikuwa nzito kubadilika, mpaka alipoona kwamba kingo, pale brashi ilipoishia, zinageuka nyeusi upesi kuliko katikati. Akafuatilia, akagundua kuwa chumvi ikiwa kidogo kuliko fedha, yaani dawa ya madini ya fedha inayopakwa juu yake, karatasi huhisi mwanga vizuri zaidi. Mimi namheshimu kwa jicho hilo kuliko kwa kingine chochote.

Sasa funga mapazia, washa balbu hafifu ya manjano. Vaa glavu na miwani ya kinga, kwa sababu nitrati ya fedha hutia ngozi weusi na inaweza kupofusha jicho. Yeyusha gramu 12 katika mililita 100 za maji ya betri, yale safi, siyo asidi. Paka upande mmoja kwa brashi isiyo na chuma, uache ukauke gizani.

Laza juu yake kijitawi cha mwarobaini au kipande cha lesi, gandamiza kwa kioo, peleka juani. Karatasi itaingia zambarau, kisha kahawia. Iache ikolee kupita unavyotaka, maana itapauka majini.

Isuuze, kisha uizuie isiendelee kubadilika. Talbot alianza kwa chumvi ileile, safari hii kali sana: ikizidi fedha, hupunguza wepesi wa karatasi kuhisi mwanga. Lakini haimalizi kazi. Tumia dawa iitwayo “haipo” (kwa Kiingereza hypo, yaani thiosulfati ya sodiamu), gramu 50 kwa lita 1, dakika 5. Dawa hiyo alielekezwa na rafiki yake John Herschel mwaka 1839. Malizia kwa kuosha nusu saa kwa maji yanayobadilishwa.

Jani litatoka jeupe, mandharinyuma meusi. Hiyo ni negativu, na ndiyo zawadi kubwa aliyotuachia Talbot: sahani ya shaba iliyopakwa fedha ya Louis Daguerre, Mfaransa aliyevumbua njia nyingine ya picha wakati huohuo, ilitoa picha moja tu, karatasi hii huzaa nyingi. Ikikauka, isugue nta ya mshumaa kwa nyuma, pitisha pasi ya vuguvugu ili mwanga upenye, kisha ilaze juu ya karatasi nyingine iliyopakwa dawa na uirudishe juani.