Mke na mume kujitayarisha kuzaa kawaida (zaidi kwa sisi waume)

Mdogo wangu kanipigia simu wiki iliyopita, mkewe kaingia mwezi wa nane, mimba ya kwanza, wanataka kuzaa kawaida inshaallah na yeye hajui mume kazi yake ni ipi. Nimemuelekeza mara tatu kwa simu nikaona bora niandike na wengine wapate. Mimi si daktari, tupo Konde, Pemba, mke wangu kazaa watatu, wote kawaida.

Hatua ya 1: kiliniki nendeni pamoja
Sio umshushe mlangoni uondoke. Ingia uulize kichwa cha mtoto kipo chini au vipi, presha ya mama, damu yake inatosha, pana sababu yoyote ya kutozaa kawaida. Mkiambiwa ipo, fuateni, maana tunachokitaka ni mama na mtoto wazima. Na ulizeni mapema kama mume anaingia chumba cha kuzalia. Sehemu nyingi wodi ni moja na wamo wanawake wengine, kwa hivo mume hubaki nje, basi mke achague mwenyewe nani ataingia nae, mamake, dada au shangazi, asipangiwe na watu.

Hatua ya 2: mazoezi ya mgongo
Kutembea jioni baada ya alasiri, kuchutama kidogo kidogo kama hakukatazwa, hayo mnayajua. Mimi nasisitiza kukanda. Chukua mafuta ya nazi, losheni sizipendi zinakauka haraka, weka kitako cha kiganja kwenye ule mfupa wa chini ya kiuno, nyoosha mkono, egemea kwa uzito wa mwili wako. Vidole havifiki popote na vinachoka. Fanyeni kila usiku kuanzia mwezi wa nane ili mkono wako upajue pahala penyewe. Mtoto wa tatu mke wangu kashika nondo za dirisha, kila uchungu ukija ananambia "chini, chini tena, hapohapo," na mimi nabana mpaka upite, jasho linanitoka kama yeye.

Hatua ya 3: gari, pesa, damu
Namba za madereva wawili, sio mmoja. Pesa iwekwe mbali isiguswe. Ndugu wawili watakaokuwa tayari kutoa damu ikihitajika.

Hatua ya 4: kuhesabu uchungu
Hapa tusome taratibu. Mtoto wa kwanza mke wangu kashikwa baada ya isha, mimi nkawa nahesabu tokea uchungu unapoisha mpaka mwengine unapoanza, nikapata dakika nne, nikaita gari mbiombio. Tumefika kapimwa, njia imefunguka sentimita 2 tu, tukaambiwa turudi nyumbani, gari ishaondoka, tukakaa kwenye benchi mpaka alfajiri. Hakulala, hakula, na uchungu wenyewe ulipokuja jioni yake hana nguvu. Usiku ule bado unaniuma.

Kuhesabu ni hivi: tokea uchungu UNAPOANZA mpaka mwengine UNAPOANZA. Halafu andika pembeni umekaa sekunde ngapi. Tumieni saa na daftari, programu za simu mimi sizitaki, chaji inaisha na kila dakika simu inalia watu wanauliza kazaa?

Mwambie anywe maji, akoge maji ya vuguvugu, atembee uwani. Uchungu ukipungua ukapotea, huo ni wa uongo, alale. Wa kweli unazidi, unakaribiana, unakuwa mrefu. Mimba ya kwanza na hospitali ipo karibu, ondokeni ukija kila dakika 5, unakaa kama dakika nzima, na imeshapita saa moja uko hivohivo. Mimba ya pili na kuendelea msingoje huko, unakwenda mbio. Na walioko Kojani au Fundo wanaovuka kwa chombo, hawa wasihesabu dakika kabisa, bora wiki za mwisho mke ahamie kwa jamaa karibu na hospitali.

Haya hayana kuhesabu, ni kuondoka sasa hivi: chupa kupasuka (zaidi yakitoka maji ya kijani), damu, mtoto kapunguza kucheza, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, degedege, au uchungu kabla ya wiki 37.

Hatua ya 5: saa za nyumbani
Tende, chai, uji, ale akiwa bado anaweza. Asilale chali. Taa punguza, wageni wangoje. Dawa za miti za kuharakisha uchungu MSIMPE, hata bibi akisema, zinaweza kuuzidisha mpaka kizazi kikapasuka na mtoto akakosa hewa.

Hatua ya 6: akizaliwa
Muombe mkunga mtoto awekwe kifuani kwa mama akiwa mtupu, anyonye ndani ya saa ya kwanza. Wewe uwe ushatawadha, ukipewa umuadhinie. Na uji wa pilipili manga uwe umeshabandikwa nyumbani, uletwe na chupa ya chai ungali wa moto, mama akimaliza pale njaa yake si ya kawaida.